Trekta limenasa kwenye theluji na uko na mtoto: mambo ya kuzingatia kabla hamjaanza kulitoa

Winta ikishakolea shamba linakuwa na mitego kibao, juu unaona weupe mtupu kumbe chini kuna mtaro au tope ambalo halijaganda vizuri, na tairi la nyuma likishaingia humo basi tena. Mara nyingi aliyepo karibu wa kukusaidia ni mwanao, maana ndo mlikuwa wote mnapeleka majani kwa ng'ombe. Watu wengi hapo wanakimbilia beleshi na cheni. Subiri kwanza, zima injini, amua kitu kimoja kabla ya vyote: mtoto atasimama wapi na atafanya nini, ukishalijua hilo mengine yatajipanga.

Kwa maoni yangu mtoto kazi yake ni macho. Asisukume, asishike cheni, asikae kwenye madigadi "ili kuongeza uzito", trekta lina kiti kimoja na mtu wa kukaa ni mmoja. Asimame pembeni mahali ambapo wewe dereva unamwona bila kugeuza shingo sana, na mkubaliane ishara za mkono kabla, kwa sababu injini ikinguruma na kila mtu kavaa kofia hadi masikioni hakuna atakayemsikia mwenzake. Ishara tatu zinatosha: vuta, taratibu, simama. Zijaribuni injini ikiwa imezimwa. Hiyo ya simama ndo yenye kazi kweli, watoto wengi wanaona aibu kumsimamisha mkubwa, kwa hiyo mwambie wazi kabisa, "mwanangu, ukiona kitu hukielewi inua mkono, sitakugombeza hata kama ni ndege tu amepita." Na akiinua unasimama kwanza, maswali baadaye. Ukimpuuza mara moja tu hatainua tena. Na usipomwona, hata kwa sekunde chache, simama hivyo hivyo, usiseme "atakuwa yupo tu hapo nyuma".

Kuna ile tamaa ya kumweka mtoto kwenye usukani wewe ushuke uchimbe, au yeye aendeshe pikapu inayovuta wewe ubaki kwenye trekta. Usifanye. Sijali ana miaka 14 na anaendesha vizuri shambani kiangazi kizima, kuvuta gari lililonasa ni kazi nyingine kabisa, mguu ukiteleza kwenye klachi na buti lina theluji wewe ndo uko mbele ya tairi. Kama kazi inataka madereva wawili na mmoja wao ni mtoto, basi huna madereva wawili, piga simu kwa jirani.

Sasa twende kwenye jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha, trekta kupinduka kinyumenyume. Kawaida injini inazungusha ekseli, ekseli inazungusha tairi, trekta linaenda mbele. Tairi za nyuma zikishikwa, labda tope limeganda usiku likazibana au zimejichimbia shimo zenyewe, ile nguvu haipotei, inatafuta pa kwenda, kwa hiyo badala ya tairi kuzunguka ni trekta lenyewe linaanza kuzunguka juu ya ekseli na pua inanyanyuka. Na ni haraka mno, ndani ya sekunde 0.75 hivi limeshafika pale ambapo hata ukikanyaga klachi halirudi, kwenye sekunde 1.5 limeshalala chali na wewe uko chini yake. Hakuna mguu wa kuwahi hapo.

Ndo maana ule ujanja wa kufunga gogo kwenye tairi za nyuma au kuchomeka mbao mbele yake ili zipate pa kukanyaga ni hatari kuliko watu wanavyodhani, ukibana tairi lisizunguke unalisaidia trekta kunyanyuka. Jaribu kutoka kwa rivasi kwanza, njia uliyoingilia unaijua na pua haiwezi kunyanyuka kwa namna ile. Chimba nyuma ya tairi zote, siyo zile mbili unazoziona vizuri tu, ondoa theluji na tope lililogandia mpaka uone mpira wote na njia ya mteremko mdogo, mwaga mchanga au majivu makavu, achia klachi polepole. Tairi likianza kuzunguka bure acha, ukiendelea unayeyusha theluji inageuka barafu laini kama kioo na shimo linazidi kwenda chini. Na fremu ya kukinga dereva iwe imesimama, mkanda umefungwa. Trekta la zamani lisilo na fremu mimi nisingelitoa kwenye shimo kwa nguvu zake lenyewe, lingesubiri kuvutwa.

Kabla ya hapo punguza mzigo. Tela lichomolewe kama linachomoka bila mtu kuingia kati, marobota yashushwe, na shafti ya PTO (ile ya nyuma ya trekta inayoendesha mashine unazofunga) iwe imezimwa kabisa kabla mtu hajasogea nyuma, ile inazunguka mara 540 kwa dakika na skafu ya mtoto inaning'inia. Skafu yenyewe iingie ndani ya koti au ibaki nyumbani. Difu loki, ile inayofanya tairi mbili za nyuma zizunguke pamoja, iwashe trekta likiwa limesimama, na ikiwa imeshika usikate kona.

Ikibidi kuvuta na gari lingine, tazama unafunga wapi. Kwenye trekta linalovuta funga kwenye kile chuma cha chini cha kuvutia nyuma, usifunge kwenye ekseli wala juu ya hapo, ukipandisha mahali pa kufungia unarudi kwenye yale yale ya pua kunyanyuka. Kwenye pikapu usifunge kwenye lile tufe la chuma la kuunganishia tela, halikutengenezwa kwa mshtuko, likikatika linaruka kama risasi na limeshaua watu. Kamba ya nailoni inavutika, inajaza nguvu ndani yake, na ikikatika inarudi na chochote kilichofungwa mwishoni, kwa hiyo usiiunge na cheni. Cheni haivutiki hivyo lakini nayo ina hatari yake, kwenye baridi kali chuma chenye ufa hakikupi onyo. Ipitishe mkononi ukiwa na glavu, pete moja baada ya nyingine, kwenye mwanga, ukiona pete imerefuka au ina ufa iache, hiyo ya kufungia geti tu. Tandika blanketi zito au koti kuukuu katikati ya kamba ili ikikatika ishuke chini badala ya kuruka. Vuta polepole mpaka cheni inyanyuke kutoka kwenye theluji na ikaze, ndo uongeze mafuta, hakuna kuruka na kushtua.

Mtoto wakati huo yuko wapi? Mbali, na siyo kwenye mstari wa kamba, mbele wala nyuma. Wanaofundisha kazi hii wanataja angalau mara moja na nusu ya urefu wa kamba, mimi naona mara mbili ni bora, kamba ya mita 10 basi mtoto yuko mita 20 pembeni. Chora mstari kwenye theluji kwa kisigino cha buti umwambie asiuvuke mpaka wewe mwenyewe umwite. Mstari anaouona unamsaidia kuliko "kaa mbali", mtoto mbali yake ni hatua tatu.

Baridi sasa. Nyuzi 10 chini ya sifuri na upepo wa kilomita 30 kwa saa, ngozi inasikia kama nyuzi 20 chini. Mtoto anapoteza joto haraka kuliko wewe, na wewe unachimba unatokwa jasho unadhani hali ya hewa ni nzuri wakati yeye kasimama tu anaangalia. Glavu za akiba, soksi za akiba, chai ya moto kwenye chupa, na kipindi cha kupumzika kabla hajaomba. Akianza kutetemeka mrudishe mahali pa joto, akigugumia maneno au akiwa mzito kushika vitu, au alikuwa anatetemeka sana ghafla ameacha na bado yuko kwenye baridi, achana na trekta na utafute msaada wa matibabu. Vidole vikiwa vyeupe vimekufa ganzi usivisugue, na usitumie theluji, hiyo ni imani ya zamani inayoumiza.

Hapo kwenye kumrudisha mahali pa joto nina neno. Wengi wanamweka mtoto ndani ya pikapu, injini inanguruma, hita imewashwa, madirisha yamefungwa, na bomba la moshi limezama kwenye theluji. Moshi ukikosa pa kutokea unaingia ndani, ile sumu ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na mtoto aliyechoka akisinzia wewe unaona kapumzika tu. Fukua bomba mpaka lionekane lote, rudi ulitazame tena upepo ukivuma, acha dirisha wazi kidogo.

Betri nayo ikigoma usikimbilie kubusti. Kwenye nyuzi 18 chini betri inabaki na karibu nusu ya nguvu ya kuwasha, na betri iliyoisha chaji inaweza kuganda ndani. Ukiona imevimba au ina ufa usiiunganishe kabisa, inaweza kulipuka. Dizeli ya kawaida kwenye baridi inatengeneza nta na kuziba chujio, trekta linawaka dakika chache linazima, hapo utakuwa umechimba bure, kwa hiyo hakikisha mapema kuna dizeli ya winta ndani. Simu iwe mfuko wa ndani karibu na mwili, baridi inamaliza chaji, na mtu nyumbani ajue mko wapi na mnatarajia kurudi saa ngapi.

Halafu kuna uamuzi wa kuliacha. Jioni giza linaingia mapema, tope la mchana limelainika, gari la kuvutia nalo likisogea litanasa, hapo kesho alfajiri ardhi ikishakuwa ngumu unapata pa kusimamia. Tatizo ni kwamba na trekta litakuwa limegandia. Kwa hiyo kabla hamjaondoka chimba tope lote kuzunguka tairi liwe huru, acha kwenye gia badala ya kuvuta hendibreki iliyolowa maana breki zinaganda, weka vizuizi vya mbao kwenye tairi ili lisijisogeze, shusha kifaa cha nyuma mpaka chini, chomoa ufunguo. Kesho yake kabla ya kuwasha chungulia kila tairi kama kweli liko huru, na kamba ya jana kama ililala nje ikalowa na kuganda usiitumie hivyo hivyo, ikaushe ndani kwanza uikague nyuzi.