Usimuulize mgonjwa "umekula?"

Wanafunzi wa uuguzi mnaoanza zamu chumba cha endoskopi (kipimo cha kutazama ndani ya tumbo kwa kamera) hapa Mwanza, badilisheni swali moja. Mama aliyevuka na kivuko kutoka Ukerewe ukimuuliza "Umekula?", atakujibu "Hapana, mwanangu." Muulize, "Mama, tangu uamke, nini kimepita mdomoni?" Hapo ndipo chai ya maziwa na vipande viwili vya muhogo vinapojitokeza. Maji matupu mwisho masaa 2 kabla ya kipimo. Maziwa na chakula chepesi, masaa 6. Akishalewa dawa, cha tumboni kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu.

Midazolamu, dawa ya kumlewesha mgonjwa, ipeni dakika 2 au 3 ifanye kazi kabla ya kuongeza dozi, macho yasibanduke kwenye oksimita, kifaa cha kupima oksijeni kwenye damu. Flumazenili, dawa ya kumzindua, iwe karibu, ila inaisha nguvu mapema kuliko midazolamu yenyewe. Aliyeamka anaweza kusinzia tena, msimruhusu kuondoka haraka.

Maelezo ya nyumbani mpeni na ndugu yake. Midazolamu inafuta kumbukumbu: kuna mzee nilimweleza kila kitu, akaitikia vizuri kabisa, dakika 10 baadaye akaniuliza kipimo kinaanza saa ngapi.