Jinsi ya kusoma majibu ya adenokasinoma ya mapafu

Karatasi ya majibu ikisema "saratani ya mapafu" tu, bado hamjajibiwa. Jina hilo limebeba magonjwa kadhaa, na dawa inayomfaa mgonjwa mmoja huweza isimsaidie kabisa wa kitanda cha pili. Adenokasinoma ndiyo iliyo nyingi kuliko zote, takriban asilimia 40 ya saratani za mapafu, na ndiyo inayoongoza kwa watu ambao hawajawahi kuvuta sigara. Kwa hiyo "mimi sivuti" si sababu ya kukaa nyumbani na kikohozi.

Huanzia kwenye seli zinazotengeneza ute, mara nyingi pembezoni mwa pafu, mbali na njia kubwa za hewa. Huko hukua kimya kimya. Wengi hugundulika maji yakishajaa kwenye utando wa pafu, au mgongo ukishaanza kuuma kwa sababu ugonjwa umefika kwenye mifupa.

Afrika Mashariki kuna mtego wa ziada: kifua kikuu (TB). Kikohozi kisichoisha, kukonda, damu kwenye makohozi, kivuli kwenye eksirei; vyote hivyo hupatikana kwa magonjwa yote mawili. Kama GeneXpert, kipimo cha makohozi cha kutafuta TB, haikuona TB na dawa za TB zimeanzishwa kwa kukisia, usingoje miezi 6 iishe. Miezi 2 ikipita bila nafuu, omba CT ya kifua, yaani picha za kina za ndani ya kifua. Na TB ikithibitishwa, saratani haijafutwa: mtu huweza kuwa na yote mawili.

CT huonyesha uvimbe ulipo, lakini haisemi ni nini. Jibu hutoka kwenye kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe kinachotolewa kwa sindano kupitia ubavuni au kwa bronkoskopi (mrija wenye kamera unaopitishwa kwenye njia ya hewa), na hapa ndipo mengi huharibikia. Kipande kimoja chembamba kinatosha kusema "ni saratani", kisha kinaisha kabla ya vipimo vya jeni (mabadiliko ndani ya seli za saratani yanayoelekeza dawa), mgonjwa anarudi kuchomwa upya. Uliza kabla: vitatolewa vipande vingapi, na vitabaki vya kutosha? Kinyama kiingie mara moja kwenye formalini ya asilimia 10, maji ya kukihifadhi, kikae humo kati ya saa 6 na 72. Kilichosahaulika kwenye chupa wiki nzima huharibika DNA, na kipimo cha jeni hakitoi jibu. Maji yaliyotolewa kifuani nayo yasimwagwe. Mililita 50 hadi 100 zifike maabara siku hiyo hiyo. Halafu ulizeni bloku ya nta, ambamo maabara hugandisha kinyama, inahifadhiwa wapi, maana hospitali nyingine itaihitaji. Picha ya ripoti kwenye simu haitoshi.

Sasa karatasi yenyewe. TTF-1, Napsin A na p40 ni protini zinazopimwa kwenye seli za kinyama ili kujua aina ya saratani. TTF-1 au Napsin A ikiwa chanya, mpatholojia (daktari anayesoma kinyama) anaelekea adenokasinoma iliyoanzia kwenye pafu. p40 ikiwa chanya, ni skwamasi, aina nyingine ya saratani ya mapafu. Tofauti hiyo si ya vitabuni tu: pemetreksedi, dawa ya kemotherapi, hufanya kazi kwenye adenokasinoma, kwenye skwamasi haifai. Anayepewa dawa hiyo aanze asidi ya foliki mikrogramu 400 kwa siku wiki moja kabla, pamoja na sindano ya vitamini B12, mikrogramu 1000, inayorudiwa kila wiki 9. Bila hivyo damu hushuka vibaya na kinywa hujaa vidonda. Vidonge vya foliki vya miligramu 5 vilivyozoeleka ni zaidi ya kiasi hicho, kwa hiyo mwulizeni mfamasia.

Hatua ya ugonjwa husomwa kwa herufi T, N na M. T ni uvimbe: hadi sentimita 3 ni T1, hadi 5 ni T2, hadi 7 ni T3, zaidi ya hapo T4. N ni tezi za limfu, M ni kusambaa. Watu hudanganyika na ukubwa. Uvimbe wa sentimita 2 wenye maji yaliyokutwa na seli za saratani ni M1a, yaani hatua ya IV, ya mwisho, na kwa kawaida upasuaji wa kuondoa uvimbe haufanyiki tena.

Katika hatua hiyo jeni ndizo zinazoamua. EGFR na ALK ni majina ya jeni mbili zinazopimwa. EGFR ikiwa na badiliko linaloandikwa "eksoni 19" (kipande cha jeni kimefutika) au "L858R", kuna kidonge cha osimertinibu, miligramu 80 mara moja kwa siku. ALK ikiwa imebadilika, kuna kidonge cha alektinibu. PD-L1 si jeni bali protini kwenye seli za saratani; ikiwa asilimia 50 au zaidi hufungua mlango wa tiba ya kinga, yaani dawa zinazoamsha kinga ya mwili ipambane na saratani, lakini msikubali kuianza majibu ya EGFR na ALK yakiwa bado njiani: osimertinibu ikifuata karibu baada ya tiba ya kinga, hatari ya mapafu kuvimba vibaya kwa sababu ya dawa hupanda. Mtajieni pia daktari dawa za TB. Rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, huishusha osimertinibu kwenye damu, mgonjwa akabaki anameza dozi isiyotosha.

Dalili hizi hazisubiri siku ya kliniki: miguu kulegea ghafla au kushindwa kuzuia mkojo, uso na shingo kuvimba, degedege, kukohoa damu nyingi. Miguu hasa. Uti wa mgongo ukibanwa, masaa yanayopotea ndiyo yanayoamua kama mtu atatembea tena, kwa hiyo nendeni hospitali usiku huo huo na mseme wazi kwamba mgonjwa ana saratani ya mapafu.