Punguza Nguvu Kabla ya Kupunguza Kasi: Kupima Kazi ya Mikono Inayojirudia

Kukaza skrubu au kukata kwa mkasi ni kazi nyepesi ukiifanya mara moja. Ukiirudia mara elfu tatu kwa zamu, hesabu inabadilika. Msuli unapokaza hubana mishipa yake ya damu, na usipolegea kwa muda wa kutosha kati ya tendo na tendo, uchovu hurundikana. Kwa hiyo pima mambo mawili kwa pamoja: nguvu inayotumika, na sehemu ya muda ambayo mkono unabaki umekaza.

Anza na muda. Mtazame mfanyakazi kwa mizunguko 10 au zaidi (mzunguko ni tangu anapoanza tendo hadi anapolianza tena), ukiwa na saa ya simu. Mzunguko ukichukua sekunde 12 na mkono ukakaza kwa sekunde 6, kazi hiyo inaukaza msuli nusu ya muda. Mzunguko ulio chini ya sekunde 30 huhesabiwa kuwa wa kujirudia sana.

Kisha pima nguvu. Kipimo rahisi ni cha mwanasaikolojia wa Uswidi Gunnar Borg, ambacho mfanyakazi mwenyewe hutaja alama ya 0 hadi 10: 0 ni hakuna nguvu kabisa, 2 ni nyepesi, 3 ya wastani, 5 kubwa, 10 karibu na mwisho wa uwezo. Kwa makadirio, kila alama ni asilimia 10 ya nguvu zote za mtu kwa tendo lile. Uliza mara mbili, saa ya pili ya zamu na saa ya mwisho, tena msimamizi asiwepo. Akiwepo, kila mtu atasema 2. Wahoji pia wenye mikono midogo, maana tendo lililo 3 kwa mmoja huwa 5 kwa mwingine.

Sasa linganisha. Kwa kanuni ya mtafiti wa ergonomia (sayansi ya kulinganisha kazi na mwili) Jim Potvin ya mwaka 2012, kwa zamu ya saa 8, mkono unaokaza robo ya muda usivuke takriban asilimia 28 ya nguvu zake. Ukikaza nusu ya muda, kikomo hushuka hadi kama asilimia 15. Ndiyo maana alama 3, yaani asilimia 30, inayosikika kama kitu kidogo, ni kubwa mno kwa mzunguko wa mfano wetu.

Wengi hapa hukimbilia kupunguza kasi. Tafuta kwanza nguvu inayopotea bure:

- Mshiko. Kubana kwa ncha za vidole hutoa takriban robo tu ya nguvu ya kiganja kizima. Mpini mwembamba wa bisibisi ubadilishwe kwa wa kipenyo cha sentimita 3 hadi 4.
- Kifundo cha mkono. Kikipinda, nguvu ya kushika hupungua na kano husuguana. Inua au inamisha kifaa kinachotengenezwa, usiupinde mkono.
- Makali. Mkasi butu huongeza nguvu kwa kila mkato. Noa kwa ratiba, usingoje malalamiko.
- Glavu. Zikiwa nene au kubwa mno, mtu hubana zaidi ili kifaa kisiteleze.
- Kushikilia. Mkono wa kushoto mara nyingi umegeuzwa kuwa jiliwa (kifaa cha kubana kitu kisisogee). Weka jiliwa halisi, na mashine nzito ya kukazia itundikwe kwa springi.

Urefu wa meza nao uangaliwe: kwa kazi nyepesi ya kusimama, mikono iwe sentimita 5 hadi 10 chini ya kiwiko. Meza ikiwa juu zaidi, mabega hubaki yameinuliwa zamu nzima, na bega halilegei hata viganja vikipumzika.

Kubadilishana vituo husaidia pale tu misuli inapobadilika. Kumtoa mtu kwenye kukaza skrubu na kumpeleka kwenye kubana waya ni kumhamisha kiti tu. Mapumziko ya dakika 5 kila saa hufaa kuliko moja refu la mwisho, kwa sababu uchovu hushughulikiwa ukiwa bado mdogo.

Tija usiipime kwa idadi ya siku nzima peke yake. Mkono unaouma huweza kufikisha idadi ile ile huku skrubu zikilegea na kazi ikirudiwa. Hesabu kasoro za saa ya pili na za saa ya mwisho. Pengo likikua, rudi kwenye alama za Borg za kituo hicho. Mfanyakazi akitaja ganzi ya vidole usiku, usingoje vipimo: mwondoe kwenye kituo hicho na aende kwa daktari.