Fizi imevimba kwenye jino lililokwisha kutibiwa: ya kuzingatia kabla ya kufunga safari

Ukitoka Makete, Ludewa au Chunya kwenda mjini kwa ajili ya jino, nauli isiwe swali la kwanza. Uliza kwanza: huko ninakokwenda kuna eksirei ya meno, na leo inafanya kazi? Piga simu, au mtume ndugu aliye Mbeya au Iringa akaulize. Fizi ikivimba kwenye jino lililozibwa au kutibiwa mzizi, huenda bakteria walibaki ndani ya mzizi, huenda kizibo kimelegea mate yakapenya, huenda jino lina ufa. Pengine ni ugonjwa wa fizi tu, jino lenyewe halina kosa. Kwa macho ni vigumu kubaini. Na ukifika mahali ambapo kazi yao ni kung'oa tu, utarudi bila jino ambalo labda lingepona.

Kisha tafuta cheti na picha za zamani. Vimepotea? Andika kwenye karatasi jino ni lipi, lilitibiwa wapi na mwaka gani, lilizibwa juu tu au mizizi ilisafishwa, uvimbe ulianza lini, na umeshameza dawa gani. Hilo la dawa wengi hulificha, hasa zile kapsuli za amoksilini zilizobaki kabatini. Litaje bila aibu, maana linabadilisha anachokiona daktari: uvimbe unaweza kuwa umepungua huku usaha ungalipo. Ndani ya mzizi uliokufa hakuna damu ya kufikisha dawa, kwa hiyo antibayotiki peke yake haimalizi kazi. Ni lazima usaha utolewe, mzizi usafishwe upya au jino ling'olewe.

Hapo ndipo safari nyingi huahirishwa. Kipele cha kwenye fizi kinapasuka, maumivu yanatulia, hela ya nauli inanunua mbolea. Nenda hivyo hivyo.

Wakati unasubiri, sukutua kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa glasi. Kwa mtu mzima, paracetamol za miligramu 500 zisizidi nane kwa saa 24. Aspirini iliyosagwa usiibandike kwenye fizi, inaunguza. Baridi ya Julai inashawishi kukanda shavu kwa kitambaa cha moto, acha. Ukiandikiwa antibiotiki ya metronidazole, ulanzi (pombe ya mianzi) nao uache, hata kama ndio msimu wake.

Daktari aambiwe mapema kama una mimba, kisukari, mzio wa penisilini, tatizo la valvu za moyo, au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Kula kabla ya kuingia, isipokuwa umekatazwa, kwa sababu baada ya ganzi hutatafuna kwa saa kadhaa. Kadi ya bima, kama unayo, usiiache nyumbani.

Haya yote ni kwa uvimbe uliobaki kwenye fizi. Ukipanda hadi jichoni au kushuka chini ya taya na shingoni, mdomo ukagoma kufunguka, mate yakawa hayamezeki, homa ikapanda au pumzi ikawa nzito, usingoje basi la alfajiri wala daktari wa meno. Mgonjwa apelekwe hospitali ya karibu inayopokea dharura, usiku huohuo.