Jinsi ya kulishika neno "anecdotally" kwenye ripoti

Ukitafsiri ripoti za mashirika hapa Nairobi, neno hili la Kiingereza utakutana nalo tu: leo kwenye maji, kesho kwenye kliniki, keshokutwa kwenye bodaboda.

Hatua ya 1. Vua viambishi. Toa -ly, kisha -al, ubaki na anecdote.

Hatua ya 2. Tafuta chimbuko. Mimi ni mtu wa kamusi ya Oxford, ile kubwa. Usipoweza kuilipia, Etymonline, kamusi ya mtandaoni ya asili ya maneno, ni ya bure na inatosha. Programu za kutafsiri ziweke kando kwanza. Utafika kwenye Kigiriki, anekdota: mambo yasiyotolewa nje, yaani hayajachapishwa. Jina hilo lilibandikwa kitabu cha Procopius, mwanahistoria wa karne ya 6, kilichomwanika Kaisari Justinian na mkewe Theodora. Kilichapishwa mwaka 1623 (umbea wa ikulu haukuanza jana). Hata kamusi ya Kiingereza ya Samuel Johnson ya 1755 ilieleza anecdote kama jambo lisilochapishwa, historia ya siri.

Hatua ya 3. Chagua maana ya leo. Hapa ndipo wengi hulala njaa. Siri imeshatoka, usiirudishe. "Kwa mzaha" pia siyo, ingawa anecdote mara nyingi ni kisa cha kuchekesha. Na "inasemekana" siipendi kabisa, maana inanukia uvumi na inamficha msemaji.

Chukua ripoti ya maji ya Mukuru, mtaa wa mabanda hapa Nairobi, inayodai, anecdotally, kwamba mtungi wa lita 20 hupanda bei mifereji ikikauka. Mwandishi hasemi ni uongo. Anasema amesikia kwa watu, hajapima. Kwa hiyo: "Wakazi waliozungumza nasi wanasimulia kwamba bei hupanda." Lakini angalia: kama ripoti haikusema ni wakazi, usiwazue. Andika "kwa visa vinavyosimuliwa, ingawa hakuna takwimu". Sentensi inayofuata ikileta takwimu za utafiti, hapo ondoa "ingawa hakuna takwimu", uweke "lakini" katikati ili msomaji aone masimulizi upande huu na vipimo upande ule. Na kama ni wasifu wa mtu, si ripoti, huenda neno linaeleza tu namna alivyozungumza: "alieleza kwa visa".

Hatua ya 4. Soma kwa sauti, kisha tuma.