SOMO: Kuhama kutoka sembe na vyakula vya pakiti kwenda dona na chakula kizima

Wakuu, habari za wakati huu.

Nimeandika somo hili ili nikiulizwa tena "nianzie wapi kula vizuri" nielekeze watu hapa. Swali linakuja kila mara, na muulizaji mara nyingi ameshanunua shayiri ya kopo na mbegu za chia kwa hela ambayo ingejaza jiko lake mahindi, maharage na mboga. Havihitajiki. Chakula kizima, yaani ambacho hakijavuliwa ganda, kiini wala nyuzinyuzi, kipo kwenye masoko ya Kariakoo na Mabibo hapa Dar, na kwenye genge la mtaani kwako. Anza na kile unachokula kila siku, na kwa wengi wetu hicho ni ugali.

Punje ya hindi ina ganda, kiini na wanga. Mashine ya kukoboa inaondoa ganda na sehemu kubwa ya kiini, na huko ndiko ziliko nyuzinyuzi, mafuta ya asili, vitamini nyingi za kundi B, chuma na zinki. Pumba zinaenda kwa kuku na ng'ombe, sisi tunabaki na wanga mweupe, yaani sembe. Dona ni hindi lililosagwa zima bila kukobolewa. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi kwa miaka mingi hospitali ya Mulago, Kampala, aliona kuwa magonjwa ya utumbo yaliyojaza hospitali za Ulaya yalikuwa adimu kwa watu wa vijijini Afrika Mashariki, na akahusisha jambo hilo na nyuzinyuzi katika chakula chao. Alichokiona ni chakula cha bibi zetu. Tumekiacha wenyewe.

Hatua ya 1. Andika kila unachokula na kunywa kwa wiki moja, pamoja na vya njiani.

Hatua ya 2. Ondoa soda na juisi za pakiti. Soda ya kola ya mililita 300 ina sukari karibu gramu 30. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku, na ikishuka chini ya asilimia 5, kama vijiko sita vya chai, ni bora zaidi. Chupa moja imeshavuka hapo kabla hujanywa chai ya jioni.

Hatua ya 3. Pata mahindi mazuri ya dona. Soma hapa polepole, kwa sababu hapa ndipo watu wanaumia.

Dona mbaya ni hatari kuliko sembe. Mahindi yaliyoanikwa vibaya au kulowa stoo huota ukungu, na ukungu huo hutoa sumukuvu. Sehemu kubwa ya sumu hiyo hukaa kwenye ganda na kiini, kwa hiyo kukoboa huipunguza. Ukisaga dona umebakiza vyote, kizuri na kibaya. Sumukuvu haionekani, haina ladha, na moto wa jikoni hauimalizi. Kenya mwaka 2004 watu 317 waliugua na 125 wakafa, wengi wao Makueni na Kitui, kwa mahindi yaliyokuwa ndani ya nyumba zao. Hapa kwetu Tanzania, mwaka 2016, familia za Dodoma na Manyara zilipoteza watu kwa sababu hiyohiyo. Ukila kidogo kidogo kwa miaka, ini ndilo linalolipa.

Kwa hiyo:

Nunua mahindi ya punje, usinunue unga wa dona usiojua umetoka wapi. Pima ukavu kwa chumvi: chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia mahindi mpaka theluthi, ongeza chumvi kavu vijiko kadhaa, funga, tikisa dakika moja, kisha acha itulie dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi hayajakauka, rudisha. Muulize muuzaji kama yamewekwa dawa ya wadudu na lini. Akisita kujibu, nenda kwa mwingine. Nyumbani mwaga kwenye ungo, pepeta, chambua kwa mkono. Punje iliyovunjika, iliyobadilika rangi, yenye ukungu au iliyotobolewa na wadudu itupwe, na msiwape kuku, maana sumu inawadhuru na wao. Osha haraka, anika juu ya turubai, wala si juu ya udongo, mpaka punje ivunjike kwa mlio ukiitafuna.

Mashineni simama pale pale. Mwambie "saga, usikoboe", na aliyetangulia akiwa ameleta muhogo au mtama, subiri mashine isafishwe.

Na usisage debe zima. Kiini kina mafuta, na kikishasagwa mafuta hayo hukutana na hewa yakaanza kuchacha. Dona yangu ya kwanza ilichacha kabla haijafika nusu, na nyumbani waliikataa kwa muda mrefu hata nilipoleta mpya. Saga ya wiki mbili tu. Kwa watu watano wanaokula ugali mara moja kwa siku, kilo 10 hivi zinatosha. Weka kwenye ndoo yenye mfuniko mbali na jiko. Ukinusa harufu ya mafuta ya zamani au ukaonja uchungu, usipike.

Hatua ya 4. Kupika: dona inataka maji zaidi na muda zaidi. Koroga uji kwanza, uache uchemke vizuri kwa dakika kama kumi, ndipo usonge.

Hatua ya 5. Kunde kila siku: maharage, choroko, kunde, mbaazi, dengu. Loweka usiku, mwaga maji, chemsha kwa maji mapya. Maharage mekundu yachemke kwa nguvu mpaka yaive kabisa, kwa sababu yakiwa nusu mabichi yanatapisha.

Hatua ya 6. Mboga za majani ziwe nusu ya sahani: mchicha, matembele, majani ya maboga, mnafu, mlenda. Kamulia limau au weka nyanya mbichi pembeni, maana vitamini C inasaidia mwili kufyonza chuma cha mboga na maharage. Chai ya rangi na ya maziwa subiri saa moja baada ya kula, majani ya chai yanazuia chuma hichohicho. Kisamvu kitwangwe na kichemshwe muda mrefu, kina sumu kikiwa kibichi.

Hatua ya 7. Asubuhi badilisha mkate mweupe na maandazi kwa viazi vitamu, magimbi, muhogo wa kuchemsha au uji wa ulezi. Ulezi una kalsiamu nyingi kuliko nafaka zetu nyingine zote. Matunda yaliwe yenyewe. Ukikamua juisi na kuchuja umefanya kazi ya mashine ya kukoboa.

Karibuni kwa maswali.

MASWALI

Kijana wa Tandale: Mkuu nitapungua kilo ngapi kwa mwezi?

Jibu: Somo halihusu kilo.

Fundi Bomba: Nina mahindi stoo tangu msimu uliopita, yana vumbi vumbi la kijani lakini si mengi. Nayasaga dona?

Jibu: Hatua ya 3 imeandikwa kwa ajili yako. Usiyasage.

Fundi Bomba: Lakini moto unaua kila kitu. Babu zetu walikula hivyohivyo.

Jibu: Moto unaua kuvu, sumu yake inabaki kwenye ugali. Na waliokufa Kenya mwaka 2004 nao walikuwa wanapika kama wewe. Hili sitalijadili tena, unalisha watoto.

Mama Wawili: Asante sana kwa somo. Nimeishi bweni miaka sita, dona ilikuwa chungu, na wadudu juu. Nikiiona tu hamu inakata. Wanangu nao wanasema ni chakula cha jela. Nafanyaje?

Jibu: Dada, pole, na umegusa jambo ambalo wengi hawalisemi. Uchungu ule haukuwa wa dona, ulikuwa wa unga uliokaa. Unga wa shule husagwa gunia kwa gunia na kukaa stoo. Dona iliyosagwa juzi ina utamu kidogo na inanukia hindi la kuchoma. Kwa watoto usibadilishe siku moja. Wiki ya kwanza changanya robo dona na robo tatu sembe, kisha nusu kwa nusu, na endelea kupandisha wasipolalamika. Chekecha kwa chekeche lenye matundu makubwa ili kuondoa vipande vya ganda vinavyokwaruza, unga mwingine wote unabaki na faida yake. Siku ya kwanza pika na kitu wanachokipenda, samaki wa nazi au dagaa wa kukaanga na nyanya.

Mkulima wa Ifakara: Swali la kujifunza. Sembe ya viwanda vikubwa siku hizi imeongezwa virutubishi. Je, mtu anayesaga dona mwenyewe hakosi kitu?

Jibu: Hili ndilo swali bora kwenye uzi huu. Ndiyo, kuna anachokosa. Viwanda hivyo huongeza chuma, zinki, foliki asidi na vitamini B12. Dona inakurudishia sehemu ya chuma na zinki, ingawa ganda lina fitati, ambayo hushikilia baadhi ya madini hayo. B12 haimo kabisa kwenye nafaka, ipatikane kwa dagaa, mayai, maziwa au nyama. Foliki asidi ni muhimu mno kwa mwanamke anayetarajia kushika mimba, kwani humkinga mtoto na kasoro za uti wa mgongo, tena katika wiki za mwanzo kabla wengi hawajajua kuwa ni wajawazito. Mboga za majani na maharage vina folati, yaani foliki asidi ya asili, lakini mwanamke wa umri huo asitegemee sahani peke yake, aulize kliniki kuhusu vidonge. Kwenye nyumba yenye mwanamke wa hivyo sioni ubaya wa kuchanganya dona na sembe yenye nembo ya kuongezwa virutubishi.

Mjukuu wa Kyela: Baba ana kisukari, ana miaka 68, anachoma sindano. Tumemwambia aache sembe ahamie dona ale anavyotaka. Tuko sawa?

Jibu: Hapo pa "anavyotaka" hapana. Ugali wa dona bado ni wanga. Nyuzinyuzi zinasaidia, kiasi ndicho kinachoamua. Ugali wake wote wa mlo mmoja uwe ukubwa wa ngumi yake, sahani ijae mboga na maharage. Ila mkipunguza ugali wakati dozi ya insulini imebaki ileile, sukari inaweza kushuka ghafla: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, hata kuzimia. Mimi si daktari. Nendeni naye kliniki kabla ya kubadilisha, dozi ipangwe upya, na mpime nyumbani mara nyingi zaidi wiki za mwanzo. Figo zikiwa na shida, muulizeni daktari hata kuhusu maharage na mboga, si kila mgonjwa anaruhusiwa kwa wingi. Shikamoo yangu umfikishie mzee.

Bachela: Maharage yananijaza gesi, naacha.

Jibu: Uliloweka na kumwaga maji?

Bachela: Hapana.

Jibu: Haya.

Mama Wawili: Na unga wa lishe, ule wa mahindi, ulezi, soya, karanga, mchele, ngano pamoja, vipi?

Jibu: Mimi siusagi. Karanga zinachacha haraka na zinashika sumukuvu kwa urahisi kama mahindi, na ukisaga vyote pamoja huwezi kujua kipi kimeharibika. Saga ulezi peke yake, karanga chambua na zisage kidogo kidogo, utie kwenye uji unapoiva.

Mgogo Halisi: Sisi Dodoma kiangazi mboga hakuna. Tunakausha majani ya kunde na mlenda. Hicho nacho ni chakula kizima au kimeshaharibika?

Jibu: Ni kizima kabisa, mbinu hiyo ingefaa ifundishwe huku Dar. Mnaanika juani au kivulini?

Mgogo Halisi: Juani, juu ya mwamba. Tunachemsha kidogo kwanza.

Jibu: Kuchemsha endeleeni, kunalinda rangi na virutubishi. Kuanika hamishieni kivulini penye upepo, jua kali linaua karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Mkipika tieni karanga au mafuta kidogo ili ifyonzwe. Na hapo kwenye kuchemsha, mnatia magadi?

Mgogo Halisi: Kwenye mlenda tu, kidogo.

Jibu: Punguzeni zaidi. Magadi yanaharibu vitamini C na baadhi ya vitamini B, na mwenye presha anaongezewa sodiamu bila kujua.