Jinsi ya kumuaga mstaafu wa serikali: wasifu ndo kazi yenyewe

Wiki jana tumemuaga bwana mifugo wetu hapa Moshi, katimiza miaka 60 ya kustaafu kwa lazima, na mimi ndo nilipewa kuandika wasifu wake, nikahangaika nao siku tatu. Naandika hapa ili na wewe ukipewa usihangaike hivo.

1. Kamati na michango. Hii mnaijua. Ila mweka hazina awe mmoja na aandike kwenye kaunta buku, sio kuhesabia kwenye grupu la WhatsApp.

2. Wasifu. Usimwambie mstaafu aandike mwenyewe, ataandika mistari minne, hawa wazee hawajisifu. Nenda kwake jioni, kaa naye, muombe barua zake: ya ajira ya kwanza, ya kuthibitishwa kazini, za kupandishwa cheo, za uhamisho. Piga picha kwa simu hapohapo mezani, orijino usiondoke nayo hata moja maana ndo hizohizo anafuatilia nazo mafao PSSSF, ule mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, ikipotea umemtesa mzee wa watu.

Zipange kwa miaka. Sasa angalia sana, tarehe ya barua sio tarehe aliyoripoti. Barua ya mzee wetu ya kwenda Babati ni ya Machi 1993 ila aliripoti Juni, alikuwa anasubiri hela ya mizigo. Andika aliporipoti, watu wa kule ndo wanavomkumbuka. Halafu mikoa. Mi niliandika "Babati, mkoa wa Manyara" kumbe Manyara imeanza 2002, wakati ule Babati ilikuwa mkoa wa Arusha, mkewe ndo alinishtua nilipomsomea, na nilishachapa nakala zote, ikabidi nianze upya usiku uleule. Kila kituo weka mkoa wa wakati ule.

Barua zingine hazitapatikana. Hapo uliza watu, ila usiulize "mwaka gani", hawakumbuki. Uliza alikuja kabla ya mvua za Elinino au baada? Mwalimu Nyerere anafariki alikuwa bado huku? Mtu anakujibu hapohapo, na wewe unajua Elinino ni mwisho wa 1997 kuingia 1998, Mwalimu ni Oktoba 1999, basi pengo unaliziba.

Na usijaze vyeo tu, daraja la pili, la kwanza, mwandamizi, watu watasinzia. Weka kazi. Mama mmoja wa Uru alinambia ng'ombe wake alikwama kuzaa saa nane usiku, mzee akapanda kwa miguu kwenye mvua, ndama akatoka mzima, na maziwa ya ng'ombe yule ndo yalimsomeshea binti sekondari. Hiyo nikaiweka mwanzo kabisa, kabla hata ya tarehe ya kuzaliwa.

3. Waalikwa. Kamati itataka wakuu wa idara tu. Kataa. Wafugaji waje, na nauli yao muiweke kwenye bajeti toka mwanzo.

4. Zawadi. Saa ya ukutani na fremu ya picha mi sizikubali kabisa kwa mtu aliyetumikia miaka thelathini na kitu. Ulizeni familia wana shida gani. Sisi tulimpa mtamba mwenye mimba, hela iliyobaki tukanunua mabati ya banda.

5. Siku yenyewe. Iwe mchana. Wasifu usomwe kabla ndafu haijaingia na mbege haijaanza kuzunguka, mtu akishashika kata hasikilizi tena. Asome aliyefanya naye kazi, sio MC, na muziki uzimwe kabisa. Mkewe akae pembeni yake meza kuu na vituo vyote alivyohama naye vitajwe, maana kila uhamisho na yeye alifunga mizigo. Ukimaliza kusoma mkabidhi mzee nakala yake hapohapo, iliyochapwa kwa herufi kubwa.